Mtani wa Ugenini

Hildegarda Ngonyani alikuwa na furaha ya kumtia mtu mzima aibu. Ana miaka thelathini na tisa, ana miwani, anasimamia watu ishirini na wawili wanaopanga madaraja ya katani kwenye shamba moja la mkonge karibu na Kimamba, lakini tangu barua ile ifike alikuwa akitembea njiani huku akichekacheka peke yake. Wenzake waligusana viwiko wakasema Hilda kapata mchumba. Masikini, hawakujua. Wachumba alishawapata na kuwaacha. Hiki kilikuwa kikubwa zaidi: mkataba wa miaka miwili kwenda kaskazini mwa Ghana, ambako kampuni moja ilikuwa imepanda mkonge, ikaleta mashine, majani yakakomaa, halafu wakagundua hawana mtu hata mmoja wa kuwafundisha vijana kutofautisha singa, yaani nyuzi za katani, ile ndefu nyeupe ya daraja la juu na ile fupi ya kusokotea kamba ya mbuzi.

Mkataba ulimwita mtaalamu wa kigeni. Maneno hayo aliyasoma asubuhi, akayasoma mchana, na usiku aliyasoma tena kama mtu anayekagua mlango uliokwisha fungwa. Tangu utoto wake, wataalamu wa kigeni walikuwa wanaume wenye kofia pana waliokuja shambani Kilosa, wakaharisha wiki mbili, wakaandika ripoti, wakaondoka. Sasa zamu ilikuwa yake ya kwenda kuharisha kwa watu, na hakuona tatizo lolote.

Msimdhanie ni mtu wa kurukwa na akili. Hildegarda alinunua daftari la kurasa mia na kuanza kujipanga, maana anayehama peke yake hana wa kumuuliza funguo tumeziweka wapi. Alikwenda Morogoro akachanjwa homa ya manjano na kupewa kadi yake ya njano. Akang'oa jino lililokuwa linamsumbua kidogokidogo, kwa sababu jino halina adabu, husubiri ufike ugenini ndipo lionyeshe makucha. Nyumba yake aliwapangisha walimu wawili wa sekondari waingie akishaondoka, kuku akampelekea jirani yake Selestina. Aliuliza soketi za umeme za Ghana zikoje, akafurahi kusikia ni za matundu matatu manene kama zetu. Na kampuni nayo aliitoa jasho. Nikiugua, nani ananitibu? Mkinifukuza, nani ananirudisha? Likizo nakuja nyumbani au nakaa kutazamana na ukuta? Kila jibu alilitaka kwa maandishi, na kila jibu lilikuja.

Likabaki jambo moja tu, nalo lilikuwa limekaa kwenye kigoda uani kwake, linachambua mchicha. Ni mama yake.

Mama Costancia alikuwa na miaka sabini na moja na masikio yanayosikia anachotaka. Alisikiliza mkataba wote ukisomwa, kifungu kwa kifungu, mpaka kile kinachosema kwamba mfanyakazi akifariki, kampuni itagharamia kuusafirisha mwili mpaka kwao. Hapo ndipo aliponyanyua uso.

"Na mtani wako huko ni nani?" aliuliza.

"Mama, huko ni Ghana."

"Nimesikia ni Ghana. Nimeuliza mtani wako ni nani."

"Mama, kampuni italipa kila kitu. Sanduku, ndege, gari."

"Kampuni itakuja kunitukana msibani?" Mama Costancia alirudi kwenye mchicha wake. "Haya basi. Mahali pasipo mtani mwanangu haendi. Ukienda, umekwenda bila radhi yangu."

Wasomaji wa mjini mnaweza kucheka. Hildegarda hakucheka, kwa sababu alikijua kisa cha maneno hayo tangu akiwa mgongoni. Babu yake alitoka Songea akiwa manamba, mmoja wa wale vibarua walioletwa kwenye mashamba ya mkonge kwa malori, wakapewa namba ya kuitwa kabla ya kuulizwa jina. Mwaka wa sitini akafa kambini, ghafla, kwa homa ya siku mbili. Hakuwa na ndugu karibu, ila mke na binti wa miaka sita, yaani huyu Costancia. Majirani walikuja wakalia, wakaendelea kulia, na jua likazidi kupanda na hakuna aliyeinuka. Ndipo akatokea Mhehe mmoja mkata mkonge, akakaa mlangoni akaziba njia, akaanza kumtukana marehemu kwa sauti kubwa. Akamwita Mngoni mvivu, amekufa kukwepa zamu ya Jumatatu. Akasema hazikwi mtu pale mpaka yeye alipwe kuku. Mjane alilia, kisha akajikuta anacheka, na alipocheka alipata nguvu ya kusimama. Yule Mhehe naye akasimama, akavua shati, akaosha maiti, akachimba kaburi. Wahehe na Wangoni walipigana vita enzi za mababu mpaka wakachoka, na uchovu ule ndio ukazaa utani. Anayelia hawezi kuchimba, Mama Costancia alipenda kusema. Lazima awepo mtu wako ambaye halii.

Kwa hiyo Hildegarda alifungua ukurasa mpya kwenye daftari, akaandika: Mtani. Ilikuwa Jumatatu. Tiketi ilikuwa itumwe Jumamosi na safari ilikuwa wiki inayofuata.

Alianza na simu. Alikwisha kujiunga na kundi la WhatsApp la Watanzania waishio Ghana, watu hamsini na kitu, akawaandikia salamu nzuri na mwishoni akauliza kama kuna Mhehe humo ndani. Majibu yalikuja na vicheko. Kulikuwa na daktari Mhaya, Mchaga wa biashara ya vipuri na mwalimu mmoja Mpare. Mhehe hakuna. Alimpelekea mama yake orodha hata hivyo, kwa matumaini.

"Mhaya atakuhutubia kwa Kiingereza mpaka ufufuke umkimbie," mama alisema. "Mchaga atatuuzia jeneza. Mpare atatushtaki kwa kuchelewesha mazishi. Tafuta mtani."

Jumanne Hildegarda alipanda gari la Mikumi. Njia nzima alikuwa na hasira na mama yake, lakini gari lilipotokea kwenye barabara kuu naye akayaona malori yamepanga foleni, haya ya Zambia, yale ya Kongo, yamefunikwa maturubai na vumbi la nchi nne, furaha yake ilirudi yenyewe. Watu wote hawa wanakwenda, aliwaza, na mimi ninakwenda.

Evance Kalinga alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Ni fundi wa matairi, Mhehe, mjukuu wa yule yule aliyeziba mlango mwaka wa sitini, na utani wa babu zao aliurithi kama wengine wanavyorithi shamba. Alitoka, akajifuta grisi, akaona Hildegarda amebeba mfuko wenye viatu vipya vya safari alivyovinunua Morogoro. Akauchukua mfuko bila kuuliza, akautupa ndani ya banda lake.

"Hivyo vitamfaa mke wangu. Enhe, mtumwa wangu, umefuata nini kwa wakubwa zako?"

Hildegarda hakuvigombania. Mtani akichukua kachukua. Alimweleza yote, akimaliza na ile ya radhi. Evance alikaa juu ya ringi la gari na kufikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo kwake halikuwa la kila siku.

"Nina binamu yangu Jastin, yuko Makambako," alisema hatimaye. "Mhehe safi, mdomo kama shoka. Tunampigia mama, tunasema yuko Ghana. Mama atajuaje?"

Hildegarda alipaswa kukataa. Alisimamia watu ishirini na wawili na alijua ubaya wa kuweka singa fupi katikati ya robota la katani na kulifunga juu kwa singa ndefu, maana mnunuzi hulikata tu na kuona. Lakini tamaa ya kwenda ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Akasema sawa.

Alhamisi jioni simu ililia Kimamba. Hildegarda aliweka sauti kubwa, akamsogezea mama yake. Jastin alianza vizuri kupita kiasi. Akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akamuuliza Mama Costancia kama bado hajafa au anasubiri aalikwe, akamwambia binti yake akija Ghana atamfanya mchunga mbuzi. Mama Costancia akaanza kutabasamu. Akajibu kwamba mla mbwa, kama Wangoni wanavyowatania Wahehe, hana mbuzi wa kuchungwa. Jastin akacheka, naye akacheka, na Hildegarda akahisi mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ndipo, kutoka nyuma ya Jastin, ikasikika sauti ya konda, kavu na yenye nguvu: "Njombe Songea, Njombe Songea, bado wawili tunaondoka."

Mama Costancia aliisogelea simu.

"Ghana wanapakia abiria wa Songea?" aliuliza taratibu. "Basi mwambie huyo konda aniwekee siti. Miaka mingi sijasalimia kwa baba yangu."

Alikata simu mwenyewe kwa kidole kimoja. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Hildegarda. Alikunja kanga yake, akasema, "Umetafuta mwongo wa kunizikia mwanangu. Nenda tu, Hilda. Lakini usije hapa kuniaga." Akaingia ndani.

Hildegarda alirudi kwake na kulia, kisha akafungua sanduku na kutazama nguo zake zilizokunjwa vizuri. Kisheria hakuna kilichomzuia. Pasi ya kusafiria ilikuwa yake, mkataba ulikuwa wake. Alijaribu kujiona uwanja wa ndege akiwa hajaagwa, akashindwa hata kufika mlangoni.

Jumamosi mchana alirudi kwa mama yake kuomba msamaha, na alimkuta Evance ameshatangulia, amekaa chini kwenye jamvi, anapokea matusi ambayo safari hii hayakuwa na utani hata kidogo. Alikuwa amekuja na kuku wa fidia. Hildegarda alipiga magoti, akasema, "Shikamoo mama," na mama yake akaitikia "Marahaba" bila kumtazama. Hapo hapo simu ya Hildegarda ikalia, ya picha. Ilikuwa saa saba, yaani saa nne asubuhi kule Ghana, na hii ilikuwa simu aliyoingoja wiki nzima.

Aliyepiga ni Madam Perpetua, ofisa wa kampuni anayeshughulika na wageni, mama wa makamo mwenye uso mpana na kilemba kikubwa cha kijani. Yeye ndiye aliyekuwa akate tiketi baada ya mazungumzo haya ya mwisho. Walizungumza Kiingereza. Aliuliza namba ya viatu vya kazini. Aliuliza kama Hildegarda anakula pilipili, na aliposikia kidogo, alimwonea huruma. Alisema nyumba ina chandarua na tangi la maji, na kanisa la Katoliki liko hatua mia mbili, kwaya yao ina fujo. Kila neno lilimwongezea Hildegarda moto. Aliiona nyumba. Aliliona tangi.

"Huyo ni nani?" mama aliuliza kwa Kiswahili.

"Ndiye atakayenipokea, mama."

"Muulize kwao mtu akifa anazikwa na nani."

Hildegarda alitaka ardhi ipasuke. Lakini Evance alimtazama, naye Hildegarda alikuwa na deni la ukweli kwa mama yake. Akauliza, huku akiomba radhi mara mbili.

Madam Perpetua hakushangaa. Aliegemea kiti. "Mimi ni Mdagaaba," alisema. "Kwetu mtu akifa, tunakaa chini tunalia. Halafu wanakuja majirani zetu Wafrafra kutusumbua. Wanasema marehemu hajafa, amejificha kwa sababu hataki kuwapa kichwa cha mbwa wakale. Wanavuta jamvi, wanatukana, tunacheka mpaka tunaona haya. Bila wao mazishi hayana mwisho."

Hildegarda alitafsiri polepole. Evance aliposikia habari ya kichwa cha mbwa alisogeza jamvi karibu. Mama Costancia aliweka chini ungo wake.

"Hao ni watani wao," alisema. "Wewe si Mdagaaba. Wewe utakaa kati yao kama jiwe." Akamtazama yule mwanamke kwenye kioo, akamtazama vizuri, jinsi wanawake wa sokoni wanavyolitazama tenga la nyanya kabla hawajalifungua. "Mtani haombwi. Hupimwa. Mtukane."

"Mama, ni bosi. Hajakata tiketi."

"Ndiyo maana nasema sasa hivi. Mwambie hivi: mama yangu anasema hicho kichwa chako ni robota la katani lililofungwa na mlevi."

Evance alifunika uso kwa mikono. Madam Perpetua alikuwa anangoja, kalamu mkononi, akidhani ni swali jingine la chandarua. Hildegarda angeweza kubadilisha maneno, Kiingereza mama hakijui. Angeweza kusema mama anakusalimu sana. Lakini kule ndani kwa mama palikuwa bado pana kidonda cha Alhamisi, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka na singa fupi. Akavuta pumzi, akatafsiri neno kwa neno. Alieleza hata robota ni nini, ili tusi lisipungue uzito.

Madam Perpetua aliweka kalamu mezani. Akageuza uso pembeni, na Hildegarda akaiona miaka yake miwili inaondoka, nyumba, tangi, kanisa lenye fujo, vyote vinapakiwa kwenye basi la Songea. Evance alianza kunong'ona Salamu Maria.

Kisha Madam Perpetua alirudi kwenye kioo, akakisogelea mpaka uso ukajaa wote.

"Mwambie mama yako nimemsikia," alisema. "Mwambie nilimwona hapo nyuma yako tangu mwanzo, nikadhani ni mgomba uliokauka umetundikwa nguo. Kumbe unazungumza. Sasa mwambie na hili, litafsiri vizuri. Binti yake akifia mikononi mwangu, jeneza nitalipeleka mimi uwanja wa ndege, na nikifika nitalikalia. Halitapanda ndege. Nitakaa juu yake mchana na usiku mpaka huyo mgomba aje Ghana kwa miguu yake kunilipa."

Hildegarda alitafsiri. Alipofika kwenye kulikalia jeneza ilibidi aanze tena sentensi, na safari hii aliimaliza.

Mikono ya Mama Costancia ilikuwa imeshika magoti. Machozi yalitoka bila yeye kuyafuta, yakashuka kwenye mikunjo ya mashavu, na midomo yake ilikuwa inapigana na kicheko na kushindwa.

"Mwambie," alisema, "simlipi hata ndururu. Atalikalia mpaka makalio yake yaote mizizi."

Kule Ghana Madam Perpetua alicheka mpaka kilemba kikalegea, akakishika kwa mkono mmoja, akasema tiketi itaingia jioni hiyo hiyo. Evance alikuwa amelala chali kwenye jamvi, anapiga ardhi kwa kiganja. Simu ikakatika.

Mama Costancia alijifuta uso kwa pindo la kanga. Kisha akamgeukia binti yake, akamvua miwani iliyokuwa imeingia ukungu, akaisafisha kwa pindo lile lile na kumvisha tena.

"Ndege yako," alimuuliza, "inaondoka saa ngapi?"